Soksi za Meiyu

Mke wangu Caimei alikuwa akilea nyumbani kwetu watoto wa kituo cha yatima cha hapa Nanning, China, na kila mmoja alipopata wazazi wa kumchukua, humu ndani hamkukalika. Kwa Meiyu ndipo alipozidi. Tulimkabidhi Jumatatu kwa mume na mke kutoka Norwei, waliokuwa hotelini wakingoja hati zake za safari. Kesho yake asubuhi Caimei akabeba kikapu, eti anakwenda kununua mboga.

"Soko lipo hapo chini," nikamwambia. "Huko hotelini wanauza mboga gani?"

"Wewe mzee kunywa uji wako, uniache."

Nikamfuata. Tukawakuta bustanini, yule mama amembeba mtoto miguu wazi, na baridi ile ya Januari! Caimei akamvaa palepale.

"Dada, unataka kuniulia mtoto? Soksi ziko wapi? Nimezifuma mwenyewe!"

Yule mama hakuelewa hata neno, akabaki kutabasamu. Caimei akaifumbata ile miguu viganjani, mpaka nikamvuta tuondoke. Wiki nzima akawa anaunguza wali.

Siku ya safari tukasimama kando ya basi lao. Yule mama, keshapanda, akatuona. Akamwinua Meiyu, akaubandika mguu wake mmoja kwenye kioo cha dirisha: soksi nyekundu!

Mimi machozi yakanilenga. Basi likaanza kuondoka, na Caimei akalikimbilia, analigonga kwa kikapu.

"Na wa pili je? Nionyeshe wa pili!"