Mbeleko Mikokoni

Mjukuu wangu ni mwalimu, basi kila kitu anayo maelezo yake. Ananiambia kitoto cha mnyama kinachobebwa hunyamaza mamake akitembea, kwa sababu enzi na enzi vile vilivyolia mama akikimbia viliishia kinywani mwa chui, vikabaki vinyamavu vikazaana. Na sisi binadamu tuna damu hiyo hiyo. Namwambia, hayo mimi niliyajua babako hajaota jino.

Vita vya Maji Maji vilitukuta Umatumbini. Mume wangu alikwenda kupigana, hakurudi. Mimi, mama mkwe wangu na mwanangu mchanga tukakimbilia Salale, tukajificha mikokoni na watu wa pale. Asubuhi moja tukasikia mashua ya askari inakuja. Tukaambiwa tuketi, mtu asitikisike. Nilipoketi tu, mwanangu akaanza kulia.

Nikampa ziwa, akakataa. Mkwe wangu alikuwa amebakiza kibuyuni ile dawa iliyosemwa inageuza risasi kuwa maji. Akampaka mtoto kooni, ati na kilio nacho kigeuke. Masikini, alikuwa hana lingine! Maji yalikuwa baridi, mtoto akazidisha. Mwanamume mmoja akanionyesha kwa kiganja: mzibe pua na mdomo. Nilimwelewa, nikainua macho.

Juu yetu alikuwapo tumbili na mwanawe kifuani. Akitulia, kitoto kinalialia. Akiruka tawi, kimya. Nikamweka mtoto mgongoni, nikasimama. Mkwe wangu akanivuta nguo.

"Keti."

Kwetu mkwe hajibiwi, na tangu niolewe sikuwahi kumjibu.

"Mama, nikiketi ndipo analia."

Alinitazama, kisha akainuka, akaikaza mbeleko mgongoni mwangu kwa mikono yake. Nikatembea kwenye tope la magotini, polepole, nikiuzunguka mkoko ule ule. Mtoto akanyamaza. Mashua ikapita.

Miaka mingi baadaye mkwe wangu aliugua, tukiwa tumehamia huku Kibiti. Kutwa alihangaika kitandani, hatulizwi kwa dawa wala dua. Alikuwa amekonda, amebaki mwepesi. Nikambeba kwa mbeleko, nikazunguka naye uani. Majirani walichungulia, nami niliona haya, lakini nilimpenda kuliko hiyo haya. Akalaza shavu mgongoni mwangu.

"Usiketi, mwanangu."

Sikuketi hadi adhana ya alasiri, ingawa alikuwa ameshanyamaza zamani.