Miba ya Nyasi kwenye Pindo la Sari

Jumatatu asubuhi, jua halijakolea, Urmila Nishad anapangusa viti vya bajaji yake ya betri huku macho yakiwa njiani. Wateja wake wanakuja, wanawake wa kijijini kwake wenye sahani za maua na nazi. Nyuma yao anakokota fimbo yule aliyemkosesha usingizi: Ramrati Yadav, mama mkwe wa mmoja wao, Pramila.

"Leo nakaa mbele na wewe, dereva," anasema bibi huyo. "Nataka kuiona hiyo njia yenu."

Urmila, 38, ndiye mwanamke pekee anayeendesha bajaji katika kijiji chao nje kidogo ya mji wa Jaunpur, India. Kila Jumatatu hupeleka wanawake kwenye hekalu la mungu wa kike, Mama Sheetla. Nyumba nyingi hazipendi mke wa mwana atoke ovyo, lakini nani atathubutu kumzuia mtu asitimize nadhiri?

Urmila aliuona mwanya huo, akaupanua. Wakitoka hekaluni huwapitisha kwenye ngome ya kale juu ya mto Gomti, wakapanda ukutani, wakala imarti za moto, vitamu vya kukaanga vilivyolowa shira, na kucheka mpaka mbavu ziume. Nyumbani husema foleni ya hekaluni ilikuwa ndefu.

Za mwizi arobaini. Wiki iliyopita Ramrati alikuta miba ya nyasi imeng'ang'ania pindo la sari ya Pramila. Uwanja wa hekalu umesakafiwa, hauoti nyasi.

"Akikataa yeye, kijiji kizima kinakataa," anasema Urmila. Akishalipa mkopo wa betri hubakiwa na rupia mia tano hivi kwa siku, na za Jumatatu ndizo za uhakika. "Lakini si hela tu. Wakirudishwa ndani, mimi ndiye nitakuwa nimewafungia mlango."

Kwa bahati mbaya, leo foleni ya hekaluni ni fupi. Kwenye njia panda Urmila angeweza kukata kushoto, warudi nyumbani salama. Anakata kulia.

"Humu kuna mungu gani?" anauliza Ramrati wakifika lango la ngome.

"Hakuna, Amma. Kuna upepo."

Pramila anavuta ushungi hadi kidevuni. Bibi analigonga lango kwa fimbo.

"Ukuta huu nauona tangu nilipoletwa bibi harusi," anasema. "Miaka yote nilijua ni jela."

Anapanda taratibu, hataki kushikwa mkono. Juu, anaelekeza fimbo ng'ambo ya mto.

"Lile bomba la moshi la tanuri la matofali, si la kwetu lile?"

"Ndilo, Amma."

"Kumbe ni karibu hivi!" Anaketi kwenye nyasi.

Baadaye Pramila anajikaza. "Amma, twende, tutachelewa."

"Una haraka ya kwenda kuosha vyungu? Kaa chini!"

Wanacheka wote, Urmila zaidi, kwa raha ya mtu aliyetua mzigo. Mwakani anataka kununua bajaji ya pili. "Dereva nimeshampata," anasema, akimkonyeza Pramila. Bibi anasikia, na hakemei.

Wakikaribia kijiji, Ramrati anaamuru bajaji isimame. Anainama, anaanza kung'oa miba kwenye pindo la sari yake.

"Ng'oeni zote," anasema. "Si ndivyo mlivyokamatwa, wajinga nyie? Na mkiulizwa, foleni ilikuwa ndefu."