Kauli Iliyobaki Kisarawe

Mimi sikuwa na haja na Kisarawe. Nilikuwa na haja na nyumba ninayolala. Tumepanga Visiga, mtaa wa ndani, tangu binti yetu Upendo anaanza chekechea, na sasa anafua sare zake mwenyewe. Nyumba si ya kutambia watu: vyumba vitatu, bati lililoanza kupata kutu, jiko la nje, na nyuma ya jiko kipande cha uwanja ambapo mke wangu anafuga kuku. Lakini mtaa tumeuzoea na wenyewe umetuzoea. Nikichelewa kutoka Zegereni, kwenye kiwanda ninachofanya kazi ya stoo, mama wa chapati ananiwekea mbili bila kuagizwa. Mimi ni Mnyiramba wa Singida. Kukubaliwa na watu wa Pwani mpaka wakuite msibani kama mtu wao si jambo la mwaka mmoja, na sikuwa tayari kuanza upya kwingine.

Jumatano jioni alikuja Shabani. Huyu ni mtoto wa mwisho wa marehemu mwenye nyumba, na ndiye msimamizi wa mirathi. Alivua viatu mlangoni nikajua kuna jambo, maana akija kuchukua kodi havui. Akasema ndugu wameamua kuuza. Sisi tulikuwa tumeshaelewana naye bei kwa maneno, lakini sasa amejitokeza mtu mwenye malori anayetaka kiwanja tu. Nyumba ataivunja, achimbe msingi, ajenge ghala.

"Si utuuzie sisi tunaokaa?" nikamwambia. "Kizuizi kiko wapi?"

"Kwa dada Mwajuma," akajibu. "Dada yetu mkubwa, yuko Kisarawe. Wote tumekubali kuuza, yeye hasemi ndiyo, hasemi hapana. Na mwenyekiti wa mtaa amegoma kugonga muhuri bila kauli yake. Tunakutana hapa Jumamosi alasiri. Yule ambaye dada atamkubali, ndiye mnunuzi."

"Na huyo wa malori anajua?"

"Ameshakwenda mara moja, na sukari na kanga."

Hasira zangu ziko karibu, Visiga nzima wanajua. Shabani alipoondoka nilianza kumsema huyo mama ambaye hata sura yake siijui: mtu mzima anashindwaje kutamka neno moja, watu walale? Mke wangu, Mama Upendo, alikuwa anawafungia kuku. Aliniacha nimalize.

"Labda hajaulizwa vizuri," akasema. "Nenda wewe. Ila hiyo sauti ya stoo iache hapa nyumbani."

Jumamosi asubuhi nilitoa pikipiki yangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na Barabara ya Morogoro ilikuwa imefungana malori, kila moja likinirushia maji ya tope usoni. Nilipita Maili Moja nimekaza meno. Kichwani nilikuwa najenga hotuba, naibomoa, naijenga tena. Nikianza na bei nitaonekana mchuuzi. Nikianza na shida zetu nitaonekana ombaomba. Sijawahi kuogopa kuzungumza na mtu kama nilivyoogopa siku ile.

Kiluvya nikakata kulia, nikaiacha lami. Ukishaingia njia ile unaona mji unavyokula shamba: hapa mikorosho mikubwa, pale msingi umesimama kwenye magugu, mbele ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu, "Nyumba hii haiuzwi." Kila baada ya kitambo nikaona maneno hayohayo. Watu wameuziwa nyumba za wenzao sana huku kwetu, sasa mwenye mali inabidi apige kelele ukutani.

Kwenye mteremko mmoja wa udongo mwekundu gurudumu la nyuma likateleza, nikaenda chini na pikipiki juu ya mguu. Sikuvunjika. Nilipokuwa najitoa, gari jeupe likapita kando yangu, limefunga vioo, likielekea Kisarawe. Sikumwona aliyekuwa ndani, ila nilijua ni yule wa malori. Nikainuka nachechemea, tope mpaka kifuani, nikapiga stati na kumfuata.

Kisarawe nilifika jua likiwa limeanza kuchungulia mawinguni. Nyumba ya Bi Mwajuma iko nje kidogo ya mji, upande wa kushukia msituni, na haikunichukua muda kuipata, kwa sababu lile gari jeupe lilikuwa limeegeshwa mbele yake. Mwenyewe alikuwa anatoka, bwana mmoja mwenye kanzu safi na funguo kidoleni. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyenye tope.

"Umejisumbua, kaka," akasema, tena kwa upole. "Mama amekubali kuja leo Visiga. Tutamalizana huko."

Akaondoka. Nilisimama uani kwa watu kama aliyesahau alichotumwa, mpaka sauti ikatoka ndani: "Wewe uliyelowa, hupigi hodi?"

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa hapo kwenye mkeka, tope litakauka lenyewe."

Bi Mwajuma ni mama mwembamba, mrefu, aliyekuwa anamenya mihogo kwa kisu kidogo. Nilimweleza mimi ni nani, nikasahau hotuba yote. Hakunihoji habari za bei. Aliendelea kumenya, kisha akasema, "Yule bwana alitaka kunipakia kwenye gari lake. Nimemkatalia. Nilimuuliza swali moja hakulijibu sawasawa. Na wewe nakuuliza lile lile. Nyuma ya jiko kuna nini?"

Nilidhani ni mtego. Nikaona bora niseme ninachokijua. "Kuna banda la kuku, mama. Kuna kamba ya kuanikia nguo, shimo la majivu, na mshubiri."

Kisu kikasimama. "Mshubiri upo mpaka leo?"

"Upo. Umekuwa mkubwa."

"Yeye aliniambia hakuna kitu, majani tu, watayasafisha." Akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwa kanga. "Chini ya mshubiri kuna mwanangu," akasema. "Wa kwanza, wa kiume. Alizaliwa alfajiri, adhuhuri hakuwepo. Mama yangu na jirani mmoja ndio waliomzika, mimi nikiwa kitandani. Kichanga hapelekwi mbali, anakaa karibu na mama yake. Mama akachomeka mshubiri, kwa sababu haufi kiangazi. Hao kina Shabani hawajui, huyo Shabani alikuwa hata hajazaliwa. Waliponiambia tuuze, ningewajibu nini? Nikisema hapana wataniita mchawi wa mali. Nikisema ndiyo, ninamuuza mwanangu."

Sasa wewe msomaji elewa kilichonipata. Kwetu Singida kaburi ni mawe. Hata mgeni akipita analiona na kulikwepa. Miaka yote ile nimeupita mshubiri ule nikiona mshubiri. Na siyo kuupita tu. Kuku wakianza kusinzia, Mama Upendo hukata majani yake, huyaponda na kuyaloweka kwenye maji ya kuwanywesha. Ndiyo dawa aliyojifunza kwao. Pale mkekani nilijua kabisa napaswa kusema, na mdomo haukufunguka. Niliogopa kuikosa nyumba, huo ndio ukweli.

"Twende," Bi Mwajuma akasema akiinuka. "Utanibeba kwenye hiyo pikipiki yako. Nataka nimwone kwanza."

Adhuhuri ilishapita tulipoanza kurudi. Alikaa upande, mkono mmoja umeshika koti langu, mwingine umeshika kanga kichwani. Kwenye ule mteremko nilioangukia alinigonga begani, akashuka na kuupanda kwa miguu, kandambili mkononi, nami nikisukuma chombo nyuma yake. Alikuwa mchangamfu, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisimulia jinsi baba yao alivyofyatua matofali ya nyumba ile, na jinsi alivyoolewa Kisarawe akaacha kwenda Visiga kwa sababu kila akienda halali siku tatu. "Nilikuwa nasema, hata kama mshubiri haupo, sitaki kujua haupo," akasema. Nami mbele yake, kimya, natazama madimbwi.

Kiluvya tukasimama apate mkate na chai. Nikajifanya naangalia mnyororo wa pikipiki, nikampigia mke wangu.

"Mama Upendo, usiuguse ule mshubiri."

"Nimeukata asubuhi hii. Kuku wawili wanasinzia. Kwani kuna nini?"

Nikamwambia.

"Umeshamwambia kwamba tunaukata?" akauliza.

"Bado."

"Baba Upendo."

"Najua. Unaweza kufunika zile sehemu ulizokata? Weka hata nguo, weka chochote, mpaka agonge dole gumba."

"Nyumba naitaka kuliko unavyoitaka wewe," akasema. "Ila siwezi kumfanyia hivyo mama wa mtu. Mlete."

Alasiri tuliingia Visiga. Watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba: Shabani, majirani wa mipaka waliokuja kushuhudia, mwenyekiti wa mtaa ambaye ni mama mmoja wa maneno machache, na yule bwana wa malori, ameshakunja nne kama mwenye nyumba. Bi Mwajuma aliitikia shikamoo zao bila kukaa. Akaizunguka nyumba, na sisi sote nyuma yake, Shabani akiuliza, "Dada, kuna nini huko?"

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya jiko. Hakuficha kitu. Alikuwa amefagia tu, na kamba ya nguo ameifungua. Mshubiri ulikuwa pale, majani ya chini yamekatwa, mengine makovu ya zamani, matatu bado yanatoa utomvu. Kando yake ndoo ya maji ya kuku.

Bi Mwajuma aliinama akagusa pale palipokatwa. Akageuka. "Nani anayekata?"

"Ni mimi, bibi," Mama Upendo akasema. "Tangu tuhamie. Sikujua kuna mtu amelala hapa, wallahi sikujua." Mke wangu ni Mlutheri, wala sijui hiyo wallahi ilimtoka wapi. "Na leo asubuhi nimekata. Mume wangu alijua tangu huko kwako, akashindwa kukwambia."

Bi Mwajuma akanitazama, nikatazama chini. Yule bwana wa malori akakohoa. "Mama, kama ni kaburi, mimi ninaweza kugharamia lihamishwe vizuri, kwa heshima zote." Shabani ndiyo kwanza anasikia neno kaburi, akakaa chini kwenye kizingiti cha jiko.

Bi Mwajuma alimuuliza mke wangu, "Unakatia nini?"

"Dawa ya kuku. Wakisinzia nawanywesha."

"Wanapona?"

"Wengi wanapona, bibi. Mayai yao ndiyo yanayomsomesha binti yetu."

Bi Mwajuma alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilijiambia nyumba imekwenda, na nilistahili.

"Kumbe ana kazi," akasema. "Miaka yote nasema yuko peke yake gizani. Kumbe ana kazi, anasomesha watoto wa watu."

Hapo hakuna aliyejizuia. Hata mwenyekiti alijifuta macho kwa ncha ya ushungi, kisha ndipo Bi Mwajuma akainuka na kumwambia, "Wape hawa. Ila hapa alipo si pa kuuza, andika hivyo, na mimi nije ninapotaka." Mwenyekiti akaandika, majirani wakashuhudia, Bi Mwajuma akaweka dole gumba. Bwana wa malori alimpa mkono Shabani, akaondoka.

Magharibi ilipokaribia niliwasha pikipiki nimrudishe Kisarawe. Mke wangu alimsindikiza mpaka barabarani, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Nisikate tena, bibi?"

"Kata," Bi Mwajuma akasema akipanda. "Kuku wakiumwa utafanyaje? Ila kabla hujakata, msalimie."

Nilichojifunza ni hiki: katika mitaa yetu hii wanunuzi tunauliza mipaka, tunauliza maji, tunauliza kama kuna kesi, tukidhani tumemaliza. Hatuulizi aliyelala humo ni nani. Na mimi, mwenye sauti kubwa, nimejua kwamba siku ya siku mke wangu ana moyo kunizidi. Siku hizi nikiamka kwenda Zegereni namsikia nyuma ya jiko. "Hujambo, baba," anasema, anangoja kidogo, ndipo nasikia kisu.