Niliyoyasema Ghalani

Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, tukimfungia ndani ya nyumba kama watu wote wa Marangu, na mgeni akimsifu ng'ombe huyo, mama alikunja uso. "Ng'ombe gani huyu? Mifupa mitupu!" Na maziwa yake yalikuwa yanajaza kibuyu, mimi ni shahidi, maana nilikuwa nikiyaiba. Kile kibuyu nacho kina habari yake, lakini niiache. Ninachotaka kusema ni kwamba nyumbani kwetu hukukisifu kitu chako mbele za watu. Ulikiponda, na jirani akajua unakipenda. Ndivyo alivyotulea, mimi na mdogo wangu.

Mimi niliacha shule darasa la pili, nikabaki na kahawa, hata herufi zikanitoka. Mdogo wangu alisoma mpaka kidato cha sita. Basi miaka ile ya Ujamaa ikatoka amri kwamba kijana akimaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende jeshini, kisha afanye kazi, halafu watu anaoishi nao waseme kama anafaa, ndipo chuo kimpokee. Amri ile niliipenda, sitaficha. Wasomi walikuwa wanatupita njiani bila salamu. Sasa chuo kikuu kizima kinakuja kutuuliza sisi wa jembe!

Alipotoka jeshini akapewa ukarani wa kijiji, na jioni akawa anafundisha watu wazima kusoma. Mwanafunzi wake mzito kuliko wote nilikuwa mimi. Alinishika mkono, mkono huuhuu, akauongoza ubaoni mpaka jina langu likatokea. Nikawa naliandika kila mahali, hata kwenye mlango wa choo.

Siku ya kumjadili tulikutana katika ghala la kahawa, yeye akaambiwa angoje nje. Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo neno langu ndilo lililotakiwa. Katibu wa tawi la chama alikuwa mgeni, mtu wa mikoa ya kusini, mpole, ila mizaha yetu hakuijua.

"Ndugu balozi, kijana huyu ana bidii?"

"Bidii gani? Hata jembe hajui kulishika. Akiingia shambani migomba inamcheka."

Watu wakacheka. Bibi mmoja jirani yetu akanirushia, "Na wewe jina lako ulifundishwa na nani? Na mgomba?"

"Anaheshimu watu?" katibu akauliza.

"Amheshimu nani huyu! Mimi kaka yake nikikosea herufi ananikaripia kama mtoto."

Wakacheka tena. Katibu hakucheka, alikuwa anaandika. Mwisho akanisogezea karatasi nitie sahihi. Mwandiko wake ulikuwa wa kuunganisha, na mimi nilijua ule wa ubaoni tu. Nikaona aibu kuuliza. Nikaandika jina langu polepole, likatoka zuri sana, nikatamani mdogo wangu aingie alione.

Jibu likarudi kutoka wilayani: hafai. Nikaenda mbio kwa katibu.

"Ndugu katibu, mimi nilikuwa namsifu!"

"Balozi, ulisema au hukusema?"

"Nilisema, lakini kila mtu alielewa."

"Wa wilayani hawakuwepo ghalani," akasema, na kweli alinionea huruma. "Wao wanasoma karatasi."

Nilishuka Moshi mjini mara tatu kueleza, na mara zote nikaambiwa kwamba orodha imefungwa na sahihi ni yangu. Mdogo wangu hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana. Nilipoanza kulia, mtu mzima na ndevu zangu, alinisogezea kigoda. "Kaa, kaka. Nakujua."

Siku aliyoondoka nilimpikia mtori wa ndizi na nyama mwenyewe, ukaungua chini. Akala mabakuli mawili. Madaftari ya darasa alikuwa ameyasahihisha yote, langu likiwa juu.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nashuka Himo."

"Utarudi lini?"

"Ile g yako, kaka, mkia wake unaupeleka kulia. Upeleke kushoto."

Nikasema nitajitahidi. Akavuka mfereji, akashika njia ya Himo kwa miguu, akaenda zake. Hakurudi.