Dumu la Baba na Gari la Umeme

Nilipoliingiza gari langu la umeme kutoka China mtaani kwetu Ihumwa, majirani walilizunguka wakipapasa milango. Zamani kwetu kitu kikiharibika mapema tulisema ni cha Mchina, na mazungumzo yaliishia hapo. Siku hizi ofisini hazipiti siku mbili bila mtu kunivuta pembeni: linachajiwaje, linapanda mlima, na je, nitamsaidia kuagiza la kwake kutoka huko huko China? Sikatai, kichwa kilinivimba. Mtu mmoja tu hakuuliza kitu, na ndiye niliyetaka aulize. Baba yangu.

Baba aliendesha malori mpaka alipostaafu. Nikiwa msichana mdogo, likizo alinipakia katikati, kati yake na utingo wake. Utingo alitunza dumu la maji, mengine ya rejeta, mengine ya dereva. Kila tulipofika alishuka wa kwanza, akammiminia baba maji anawe uso. Hakuna aliyemsalimia dereva kabla hajanawa. Hiyo ilikuwa heshima yake barabarani.

Gari langu aliliita mdoli. "Lisilonguruma linaficha nini?" alibeza. Ilipofika harusi ya binamu yangu huko Bahi, akasema atapanda basi. Iliniuma sana. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika usukani, halafu hataki kukaa kwenye gari nililonunua kwa jasho langu! Nikamwambia nitampitia asubuhi, apende asipende.

Nilimkuta uani kavaa suti, dumu mkononi. Gari halitoki uani kwake bila kukaguliwa, hata liwe la mgeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Liwashe."

"Limeshawaka."

Akainama, akatega sikio kwenye boneti. "Nimesema liwashe."

"Baba, ndivyo linavyowaka."

"Basi fungua niliongezee maji."

Nikafungua. Mahali pa injini palikuwa na sanduku safi la mizigo, na humo nilikuwa nimepanga zabibu za kupeleka harusini. Baba alizitazama, akanitazama, akazitazama tena. Nilikuwa nabana kicheko, lakini nilipoona dumu linavyoning'inia mkononi mwake bila kazi, kicheko kikaniisha.

"Kwa hiyo haliongezwi maji?"

"Safari kama hii, hapana, baba."

Akaliweka dumu kando ya zabibu, akafunga boneti, akaketi mbele.

Tuliuacha mji, tukakaribia Bahi. Akashusha kioo. Pembeni ya barabara kundi la ng'ombe lilikuwa likielekea kwenye majaruba ya mpunga uliokwisha kuvunwa.

"Nasikia kengele," alisema. "Miaka yote nimepita hapa, sijawahi kuzisikia."

Nilitabasamu peke yangu hadi tulipofika.

Madereva wenzake wa zamani walikuwa wamekaa langoni kwa wenye harusi. Walipoona gari limesimama bila sauti, wakainuka wote. Baba alishuka kabla yangu, akaniashiria nifungue boneti, akatoa dumu.

"Gari la umeme, maji ya nini?" mmoja akamtania. "Na dereva wako yuko wapi?"

"Dereva ni huyu binti yangu," baba alisema. "Maji ni yake. Leo utingo ni mimi."

Akafungua kifuniko. Nikakinga mikono, akanimiminia taratibu. Wale wazee walisimama kimya wakingoja, kwa sababu dereva hasalimiwi kabla hajanawa.