Telegramu Iliyoshika Sabato

Watu wakinisifu kwa miaka niliyofundisha hesabu katika shule za msingi za Nyamira, huwa nashukuru kwa mdomo tu. Moyoni nina hasira. Sikutaka kufundisha hesabu. Nilitaka kupima hewa ya juu ya sayari hii, ile iliyo mbali kupita mawingu, na ilibaki hatua moja tu niifikie.

Aliyenitia wazimu huo ni mwalimu wetu wa fizikia, mgeni kutoka ng'ambo aliyefundisha shule yetu ya bweni karibu na Sironga mwanzoni mwa miaka ya sabini. Alitueleza kwamba jua huitia umeme hewa iliyo juu kabisa, ikawa tabaka linalorudisha mawimbi ya redio. Satelaiti zilipita juu ya tabaka hilo zikituma mawimbi ya rada kuelekea chini, kisha zikasikiliza mwangwi. Ukipima muda wa kwenda na kurudi, unajua tabaka liko umbali gani. Nilimuuliza kama sayari nyingine nazo zingeweza kupimwa hivyo. Akasema tuanze na hii tunayoikanyaga.

Basi akanipa kazi. Kila machweo, tabaka hilo linapobadilika, niliketi na redio yake ya betri nje ya maabara, nikisikiliza stesheni moja ya mbali na kuandika dakika ambayo sauti ilififia na ile iliyorudi. Nilifanya hivyo miaka miwili. Daftari zangu zikapata sifa katika chuo kimoja cha kwao, walikokuwa wakisoma picha za mwangwi wa satelaiti na kutaka vipimo vya huku karibu na ikweta. Machweo ya Ijumaa sikuandika kitu, maana kwetu Sabato huingia jua likitua. Mwalimu alinitania kwamba hewa ya Kisii nayo imebatizwa.

Nilipomaliza shule nilirudi nyumbani kuchuma chai na kusubiri jibu la chuo kile, ambako mwalimu aliniombea nafasi ya kusoma.

Telegramu ilifika Ijumaa, jua limetua punde tu. Tarishi wa posta alikuja kwa baiskeli kutoka Nyamira, na baba, aliyekuwa mzee wa kanisa, akaipokea mlangoni. Kwetu barua haikufunguliwa siku ya Sabato. Kuifungua kulihesabiwa kuwa kazi, sawa na kuchuma chai. Hata hivyo nilimwambia, "Baba, hiyo ni telegramu. Huenda ina haraka."

"Mama, Sabato imeshaingia," alinijibu kwa upole. Aliniita hivyo kwa kuwa nilibeba jina la mama yake. "Mambo ya dunia tutayaona kesho jioni."

Akaiweka juu ya kabati la vyombo, nasi tukaimba nyimbo za kufungua Sabato. Kesho yake tulienda kanisani, na saa sita tukala chakula kilichopikwa Ijumaa. Kisha wazazi wangu wakaenda kutembelea wagonjwa, wakaniacha nyumbani peke yangu.

Jua lilipotua baba alifunga Sabato kwa sala na kunikabidhi bahasha, kwa kuwa hakujua Kiingereza. Niliwasomea. Mwalimu wangu aliandika kwamba mtaalamu wa chuo angekuwa Kisii mjini Jumamosi hiyo hadi saa kumi, niende na daftari zangu, na kwamba asiponiona nafasi angepewa mwingine. Akapewa mwingine. Baba alisema Mungu atanifungulia mlango wa pili. Hakuufungua.

Nilimchukia baba miaka mingi, na siku ya kumzika nililia kwa sababu watu walikuwa wakinitazama. Lakini yeye alishika alichokiamini. Mimi niliachwa peke yangu na ile bahasha juu ya kabati tangu chakula cha saa sita, na saa kumi ilikuwa bado mbali, muda wa kutosha kufika Kisii. Wala sikuamini kwamba Mungu angekasirika nikiifungua. Niliogopa tu kwamba baba angeniuliza.