Nilivyomwombolezea Mzee Aliye Hai

Naomba nianze kwa kukiri, maana parokiani kwetu wote wanaijua habari hii na kila mmoja anaisimulia kivyake, na katika masimulizi ya Mama Shiru mimi nilizimia, jambo ambalo si kweli. Kweli ni kwamba mimi, kwa akili zangu timamu, niliingia katika nyumba ya watu nisiowajua huko Oxon Hill, hapa Marekani, nikapiga ishara ya msalaba mbele ya picha ya mwenye nyumba, nikamwimbia wimbo wa maziko, na yeye mwenyewe yu mzima, anafungua mlango. Sikuzimia. Afadhali ningezimia.

Ilikuwa kiangazi, na anayeishi huku anajua kiangazi kinavyolifanya kanisa. Padre anakwenda likizo kwao, kwaya inapumzika, wenye watoto wanasafiri, na ile Misa ya Kiswahili ambayo wakati wa Pasaka watu wanasimama mpaka mlangoni inabaki na sisi wachache ambao kazi zetu hazina likizo (mimi napanga maboksi kwenye ghala moja Landover, na maboksi hayajui kiangazi). Basi kazi zote za jumuiya zinatuangukia sisi, kupalilia bustani ya parokia, kuchoma nyama siku ya pikiniki, kuwapelekea maji baridi wanaolala nje, na kwenda misibani. Misiba hasa niliachiwa mimi. Mwenyekiti alisema, "Baba Joy, wewe umefiwa na mke, wewe unajua," na sikukataa, maana ni kweli najua, na niseme tu wazi kwamba nilikuwa naanza kujivunia.

Ninachojua ni hiki. Siku mke wangu Anastazia alipofariki ilikuwa siku ya kazi, kila mtu yuko zamu, habari haikuwafikia watu mapema, nami nikarudi kutoka hospitali nikakaa peke yangu nikisikiliza friji inavyonguruma mpaka giza likaingia. Baadaye walikuja wengi, wakanibeba, siwalaumu hata kidogo. Lakini zile saa za mwanzo sijamweleza mtu zilivyokuwa na hata hapa sitaeleza. Niliapa tu kwamba mtu wa jumuiya yetu hatakaa saa kama zile peke yake nikiwa na miguu.

Jumamosi moja ujumbe ukaingia kwenye simu zetu kwamba dada Upendo amefiwa na mzazi huko Mbeya. Upendo ni msichana mpole anayehudumia wazee katika nyumba ya kulelea, ndugu hana hata mmoja upande huu wa dunia, na alikuwa amehamia Oxon Hill karibuni tu, hakuna kati yetu aliyewahi kufika kwake. Nikampigia.

"Baba Joy, msijisumbue," akasema. "Niko sawa."

Ile "niko sawa" mimi naijua kuliko ninavyolijua jina langu. Nikamwambia, "Mwanangu, tunakuja sasa hivi. Hutakaa peke yako." Nikakata simu, nikavaa suruali nyeusi, nikawaita waliokuwepo. Walikuwepo wawili. Mama Shiru, Mkenya mwenye gari kubwa na sauti kubwa zaidi, alikuja na sufuria ya wali na chupa ya chai, na Papa Selestini, Mkongo anayepiga ngoma kanisani, alikuja na mwili wake mrefu na huruma yake, ngoma aliiacha.

Sasa uamuzi wenyewe ulioniponza ni mdogo mno, hata naona aibu kuuita uamuzi. Tulipokaribia, Mama Shiru akasema, "Baba Joy, nipee namba ya nyumba niweke kwa ramani." Namba ilikuwa kwenye ujumbe, ujumbe ulikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa kwenye mfuko, mfuko uko nyuma chini ya sufuria. Mtaa niliukumbuka. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyezika, "Mama Shiru, nyumba ya msiba haihitaji namba. Inajionyesha yenyewe."

"Si umpigie tu akuelekeze?"

"Mfiwa hapigiwi simu kuulizwa njia."

"Haya, mtaalamu," akasema Mama Shiru, na Papa Selestini kutoka kiti cha nyuma akasema, "Mi nakufwata tu, ndugu," na ndivyo walivyofanya, walinifuata.

Na kweli nyumba ikajionyesha. Magari yameegeshwa mfululizo pande zote mbili za barabara. Pembeni ya nyumba, kwa nyuma, naona ncha ya turubai jeupe limesimamishwa na viti vya kukodi vimepangwa. Mapazia yamefungwa mchana kweupe. Mtu mmoja na mkewe wanaingia haraka haraka bila kuongea, wamevaa nyeusi tangu shingoni mpaka viatuni. Nikawageukia wenzangu, nikainua nyusi tu, kama fundi anayeonyesha kazi yake. (Zile nyusi Mama Shiru ananikumbushia mpaka leo.)

Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Kabla sijagonga akatokea mama mmoja mwenye mvi fupi, mweusi wa huku huku Marekani, kavaa nyeusi na hereni za dhahabu, akatushika mikono akatuvuta ndani. Nikasema kwa sauti ya chini, "Poleni sana."

"Asante sana. Karibuni," akanijibu, Kiswahili cha polepole, kila neno limepigwa pasi.

Hapo hata kama ningekuwa na shaka ingekufa. Nikaona Upendo ana marafiki wazuri kuliko tulivyodhani, mpaka wamejifunza lugha yetu wamfariji. Ndani kulikuwa na giza giza, watu wamejaa sebuleni, wengi wamekaa chini sakafuni kama inavyotakiwa, wengine wamejikunyata nyuma ya makochi, kimya, hakuna anayecheka. Mama yule akachukua sufuria akaipeleka mezani, akatuonyesha pa kukaa. "Kaeni chini. Kimya. Yeye anakuja," akanong'ona. Nikaelewa Upendo yuko chumbani, analetwa.

Karibu na mlango kulikuwa na meza yenye picha kubwa ya mzee mwenye mvi, anatabasamu, kazungukwa na maua na mishumaa ambayo bado haijawashwa. Nikajua basi mzazi aliyefariki ni baba. Nikaenda mbele yake, nikainamisha kichwa, nikapiga ishara ya msalaba, nikasimama hapo kwa muda wa kutosha kila mtu anione. Watu waliniangalia sana. Nikadhani ni heshima.

Niliporudi kukaa, Mama Shiru akaniinamia sikioni. "Baba Joy, mbona hakuna mtu analia?"

"Hawa hulia ndani kwa ndani."

Papa Selestini naye akanigusa bega, akaonyesha kwa kidevu juu ya dari. "Na zile baluni, ndugu?"

Nikaziangalia. Zilikuwa nyingi, za rangi ya dhahabu. "Ni desturi yao," nikasema. Mtu akishaanza kujua, jamani, hakuna kitu asichokijua.

Kisha nje likasikika gari linasimama, mlango wa gari ukafungwa, na watu wote sebuleni wakainama zaidi. Nikasikia hatua zinakuja. Nikaona huu ndio wakati, mfiwa asiingie kwenye kimya kama kile nilichoingia mimi. Nikasimama, rozari mkononi, nikaanza wimbo, ule tunaouimba jeneza likitolewa kanisani, na mimi nyimbo za msiba huziimba nimefumba macho. Mama Shiru hawezi kuacha wimbo uende peke yake, akaingia na sauti ya pili, kisha akaongeza na kilio chenyewe, kile cha kwao cha kupanda na kushuka. Papa Selestini akashika besi. Tuliimba vizuri, sitasema uongo.

Wakati huo huo taa zikawaka, watu wakaruka kutoka nyuma ya makochi, wakapiga kelele kwa pamoja, tarumbeta za karatasi zikalia. Nilifungua macho nikiwa bado katikati ya ubeti. Mlangoni alikuwa amesimama mzee wa kwenye picha, suti nyeupe, mkono mmoja kifuani.

Mama Shiru akasema, "Yesu wa Nazareti, amefufuka," akajificha nyuma ya Papa Selestini.

Kelele zilikatika moja moja mpaka ikabaki tarumbeta moja tu kwa mbali, nayo ikanyamaza. Mzee aliniangalia, akaiangalia rozari, akaiangalia picha yake na maua yake, akarudi kwangu. Akaongea Kiingereza chake cha taratibu, nami naweka hapa kwa lugha yetu: "Bwana, kama kuna kitu daktari wangu amekuambia wewe kabla yangu, niambie sasa hivi."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Binti yake ndiye hakucheka, aliyekuwa amemwandalia baba yake sherehe ya kuzaliwa ya kumshtukiza, amehangaika kumdanganya kwamba wanakwenda kula mgahawani tu, amewaagiza wageni wote wavae nyeusi ili mzee peke yake aonekane na nyeupe yake. Akaniuliza, "Ninyi ni akina nani?" Kiingereza changu ni cha ghalani, cha inua, shusha, sukuma, hakina maneno ya jambo kama lile. Aliyeniokoa ni yule mama wa Kiswahili, Bi Loretta, mdogo wake mzee, aliyejifunza lugha hii ujanani chuoni akakaa miaka mingi bila mtu wa kuongea naye. Alidhani sisi ni kwaya iliyokodiwa na binti. Alisema hata nilipopiga ishara ya msalaba mbele ya picha aliona ni sehemu ya onyesho.

Wanacheka, wananipigapiga mgongo, mtu ananipa kipande cha kuku, na mimi nimesimama na rozari na kuku. Ndipo ikanijia kwamba kama Upendo hayupo hapa basi Upendo yuko mahali, peke yake, na mimi nilimwambia tunakuja sasa hivi. Nikakiweka kile kipande chini. Nikamwambia Bi Loretta, "Mama, kuna binti amefiwa mtaa huu. Ananingoja."

Akamweleza kaka yake. Mzee Walter (ndilo jina lake) akaacha kucheka. "Yule wa nyumba ya pili, anayevaa nguo za unesi?" akauliza. "Asubuhi nilimwona amekaa ndani ya gari lake, hashuki. Nikapita. Nikadhani anaongea na simu." Akamwambia binti yake, "Keki haitakimbia," akachukua viti viwili vya kukunja, kimoja kila kwapa, na suti yake ile nyeupe, akatoka. Wakamfuata wengine kadhaa na nguo zao nyeusi, Bi Loretta amebeba sufuria ya Mama Shiru, na sisi nyuma kabisa, tuliokuja kufariji, tunaongozwa.

Nyumba ya Upendo haikuwa na gari nje zaidi ya lake. Haikuwa na turubai wala kiti. Haikuwa imejionyesha hata kidogo. Nilimkuta amesimama kwenye dirisha, na alipofungua mlango macho yake yalikwenda kwa mzee mwenye suti, kisha kwa wote wale wenye nyeusi, kisha kwangu.

"Baba Joy," akasema, "niliwaona mlivyoshuka na sufuria. Nikafungua mlango. Mkaingia kule."

"Mwanangu, nilikosea."

"Nikasikia na nyimbo. Nikasema basi, wana sherehe, watakuja wakimaliza."

Nimeshacheka sana kwa ajili ya siku hiyo, na wengine wamecheka zaidi, lakini maneno hayo mpaka leo hayajanichekesha. Mtu niliyeapia kwamba hatakaa peke yake nilimwachia upweke wa aina mbaya zaidi, wa kuwasikia wenzako wanaimba nyumba ya pili. Mama Shiru ndiye aliyesema, "Aki Upendo, usimwonee bure. Alikuwa anamzika huyu mzee hapa," akamwonyesha Mzee Walter, aliyekuwa anafungua viti bila kuelewa neno hata moja, na Bi Loretta alipomtafsiria, mzee akamwambia Upendo, "Ni kweli. Na waliimba vizuri, naweza kukuhakikishia, maana si kila mtu anapata nafasi ya kusikia wimbo wa maziko yake."

Upendo akacheka. Akacheka mpaka akaegemea mlango, na hapo kicheko kikageuka kile kilichokuwa kimekaa kifuani tangu asubuhi, akamlilia Bi Loretta begani, mtu ambaye hakumjua. Alikuwa ni mama yake aliyefariki, sio baba. Tuliimba tena, safari hii polepole, mimi nimefumbua macho. Mzee Walter alikaa karibu naye mpaka jua lilipotua, ndipo akarudi kwenye keki yake.

Sasa parokiani tukipata msiba, kabla hatujaondoka, lazima atokee mtu wa kuniuliza, "Baba Joy, umehakikisha marehemu hayuko njiani anakuja?" Naacha waulize. Bado ninaongoza misiba, sijajiuzulu, na bado naamini naijua kazi hii. Ila naweka namba kwenye ramani, napiga simu kuuliza njia hata kama ni kwa mfiwa mwenyewe, na nikishaingia siimbi hata neno moja mpaka nimemwona kwa macho yangu na kumshika mkono. Kama hajaonekana, nanyamaza. Wimbo niliouimba vizuri kuliko zote maishani mwangu aliyeuhitaji aliusikilizia dirishani, na huo sitaurudia.